Bamba Lisilo na Matundu

Mimi hasira zangu ziko karibu, sikatai. Marehemu mama alikuwa akisema nilizaliwa nimekunja ngumi. Mume wangu, ambaye hasemi maneno mawili mahali ambapo moja linatosha, ameshajifunza kuniacha nifoke mpaka pumzi iishe, ndipo aniulize kama nimekula. Lakini hizo ni hasira za kila siku, za kugombana na sufuria na mlango usiofunga. Hii ninayotaka kuisimulia ni nyingine kabisa, na bado ninayo.

Nilikuwa fundi wa kuchomelea vyuma kwenye machimbo ya kokoto, na ule ulikuwa mwaka wangu wa tisa pale. Tulikuwa na mashine mbili za kusaga mawe. Kubwa tuliiita Bi Mkubwa, kwa sababu ndiyo iliyofika kwanza na ndiyo inayokula kwanza. Ina taya mbili za chuma, moja imesimama, nyingine inakwenda na kurudi, na jiwe ambalo wanaume watatu hawaliinui likitumbukia juu linatoka chini limekuwa vipande vya kujaa kiganja. Vipande vinapanda mkanda hadi kwa Bi Mdogo, mashine ndogo, ambaye anavisaga tena mpaka viwe kokoto za zege. Kila mmoja na kazi yake. Wageni walipocheka hayo majina tuliwaambia wasubiri wawasikie wakianza kugombana.

Sasa, nyuma ya ile taya inayotembea, kule chini ambako mgeni haoni kitu, kuna bamba la chuma. Limekaa kama mtu aliyeegemeza mgongo ukutani na kukanyaga mlango kwa miguu ili usifunguke. Lile bamba linatengenezwa liwe dhaifu, tena kwa makusudi. Chuma kikiingia mdomoni, labda kichwa cha nyundo au jino la kijiko kinachopakia mawe, lazima kitu fulani kishindwe. Kinachoshindwa ni bamba. Linakatika, taya inalegea, mashine inanyamaza, na kabla saa haijaisha tumeshaweka jingine. Ni fyuzi tu, kama hizi za majumbani. Na wewe unamjua yule mtu, kila mtaa unaye, ambaye fyuzi ikimkatikia mara mbili anaizungushia waya mnene na kujipongeza. Nyumba ikiungua anasema umeme wa siku hizi ni mbaya. Basi mtu huyo ni mimi.

Kazi hii nilifundishwa na mjomba wangu, kaka yake mama, msimamizi wa mashine pale machimboni. Ndiye aliyenilea tangu nikiwa darasa la tatu, na ndiye aliyenivalisha miwani ya kuchomelea kabla sijajua kusuka nywele zangu mwenyewe. Bamba la Bi Mkubwa alinionyesha kwa mkono wake: chuma cha unene huu, si zaidi, halafu katikati unatoboa matundu saba kwa keekee, yamenyooka mstari mmoja kutoka ukingo hadi ukingo, ili likikatika likatike hapo hapo. Aliniambia maneno ambayo hata nikilewa siwezi kuyasahau.

"Hiki ndicho kitu pekee utakachotengeneza maishani ambacho kikivunjika unastahili hongera."

Mume wangu naye alikuwa mpaka grisi, mtu wa kuzipaka mashine grisi zisikauke. Tulikutana pale pale, mimi na koleo langu la umeme, yeye na bomba lake la grisi. Kila asubuhi kabla mashine haijawashwa alizizunguka beringi zote, akazilisha, halafu akaweka kiganja juu ya kila nyumba ya beringi, yaani kasha lake la chuma, kama unavyompima mtoto homa. Miaka kumi na moja, hakuna beringi iliyowahi kuungua mkononi mwake. Mjomba hakumpenda. Alikuwa ameniwekea akilini dereva mmoja wa lori, na mimi nikamletea mtu mwenye mikono myeusi mpaka viwiko. Hata baada ya sisi kuwapata pacha wetu, mjomba aliendelea kuniambia mbele za watu kwamba mkwe wake akikaa kwenye kiti lazima kiti kioshwe. Watu walicheka, mume wangu akacheka nao. Mimi sikucheka.

Balaa lilianza pale mota ya Bi Mdogo ilipoungua. Bosi, yaani mwenye machimbo, akasema italetwa nyingine. Wiki ya kwanza italetwa, mwezi wa tatu italetwa, mwezi wa tano tukaacha kuuliza. Bi Mdogo akakaa pale amefunikwa turubai, kuku wakitagia chini yake. Lakini malori ya kokoto ndogo yaliendelea kutoka kama kawaida, na mimi, jamani, mimi fundi mzima, sikujiuliza zinatoka wapi.

Nilichokiona ni kwamba mabamba yangu yameanza kuvunjika ovyo. Zamani bamba moja lilikaa miezi miwili, mitatu. Sasa likawa la wiki. Halafu wiki moja ikala mawili. Kila likivunjika kazi inasimama, vijana wa mkanda wanakaa kwenye kivuli, madereva wanapiga honi getini, na macho yote yanageukia karakana yangu. Wakayaita biskuti. Dereva wa kijiko, mtu mmoja mwenye mdomo usio na breki, alinunua pakiti ya biskuti akaniwekea juu ya meza ya kazi. Akaniambia, "Mama Pacha, hizi ametengeneza fundi mwenzako, angalau zake zinalika."

Walicheka mpaka wakashikana mabega. Nilicheka na mimi, kwa meno tu. Kilichonimaliza hakikuwa hicho. Kilichonimaliza ni mjomba, aliyekuja akasimama katikati ya karakana siku ya pili yake na kuniuliza, mbele ya kundi zima, kama siku hizi nachomelea nikiwa nimelala. Akasema aliyenifundisha anaona aibu. Akasema kama kazi imenishinda niseme, wapo wengi nje wanaoitaka. Mjomba wangu huyo. Damu ilinichemka mpaka masikio yakaziba.

Alipoondoka nilifunga mlango. Nikachukua chuma cha unene maradufu. Nikakata, nikakibandikia kingine mgongoni, nikashona pande zote nne. Nilichomelea kwa hasira, na mtu yeyote wa kazi hii atakuambia hasira inachomelea vizuri sana: mkono hautikisiki, na mshono unatoka umenyooka, umejaa, unapendeza. Mnataka lisivunjike? Haya. Keekee ilikuwa inaning'inia ukutani na sikuigusa. Tundu hata moja sikutoboa.

Mume wangu alipita kuchukua matambara yake. Akalitazama bamba, akaligeuza upande wa pili, akalirudisha.

"Matundu?" akauliza.

"Nenda kapake grisi," nikamjibu.

Akaenda. Hayo ndiyo maneno niliyomjibu, na nitayabeba mpaka nazikwa.

Wiki tano bamba halikuvunjika. Wiki tano nzima Bi Mkubwa alitafuna kutoka asubuhi mpaka jioni bila kusimama. Dereva wa kijiko aliniletea soda na kuniomba radhi, nikaipokea kama malkia. Bosi alipiga simu kunishukuru. Mjomba alinipigapiga begani na kusema damu ni damu, mtoto wa dada yake hawezi kumwangusha. Na mimi nikatembea kifua mbele katika lile vumbi, nikijua kabisa nilichofanya, nikijiambia labda mjomba zamani alikuwa anazidisha tahadhari. Sifa zilinilevya. Nasema hivi bila kujificha kwa sababu nimechoka na watu wanaosimulia visa ambavyo ndani yake wao ni malaika.

Ikafika Jumanne, saa nne asubuhi. Nilikuwa karakana nakata vyuma vya ngazi. Nilisikia Bi Mkubwa anakwama, kama mtu aliyemeza mfupa, halafu mikanda ya mota ikapiga kelele ya kuteleza. Nilijua hapo hapo kwamba chuma kimeingia. Mtu wa kazi hii anajua pia kinachofuata: mlio mfupi wa bamba kukatika, halafu kimya. Nikasubiri mlio huo. Haukuja. Kilichokuja ni mshindo mmoja nilioupata kwenye nyayo kabla haujafika masikioni, na baada yake sauti ya bati kuchanika, upande wa stoo ya grisi.

Sikumbuki kukimbia. Nakumbuka kufika. Shafti ya Bi Mkubwa, nene kuliko paja langu, ilikuwa imekatika. Nyumba ya beringi ilikuwa imepasuka, na kipande chake kimoja, kikubwa kama mkate, kilikuwa kimeruka uwanja mzima, kikatoboa bati la stoo na kukwama kwenye nguzo ya ndani. Mume wangu alikuwa amekaa juu ya pipa lililopinduliwa, anafuta vidole vyake kwa tambara, kimoja kimoja. Kabla ya mshindo alikuwa amesimama mbele ya nguzo ile. Tambara lilikuwa limemdondoka, akainama kuliokota. Tundu la bati lilikuwa usawa wa kichwa chake.

Akaniambia yuko mzima. Nikamfokea. Nilimfokea kwa nini anasimama pale, kwa nini stoo haina ukuta wa maana, kwa nini hasemi kitu. Nilifoka mpaka vijana wakasogea mbali. Yeye akangoja nimalize, halafu akaniuliza kama nimekunywa maji.

Nilipopata nguvu za kwenda nyuma ya mashine, nilikuta pameshafunguliwa na mahali pa bamba pamefunikwa gunia. Mjomba akanizuia, akasema nisiguse chochote kabla hajaandika ripoti. Nikarudi. Roho yangu yote ilikuwa kwenye lile tundu la bati, sikuwa na akili ya kubishana.

Kesho yake ripoti ikatoka. Beringi ilikauka kwa kukosa grisi, ikashika moto, ikang'ang'ania shafti mpaka ikakatika. Mpaka grisi ndiye mzembe. Jumatatu, Bosi akifika, mpaka grisi atasaini barua ya kukiri kosa lake mbele ya wafanyakazi wote, aondoke kimya kimya, naye hatashtakiwa.

Hayo niliambiwa na mume wangu mwenyewe nyumbani, akiwa amekaa kwenye ngazi anamkata kucha pacha mmoja huku mwingine akisubiri zamu. Aliyasema kama mtu anayesema kesho kutanyesha. Nikamwuliza kama aliwahi kuruka hata siku moja. Akasema hapana. Nikamwuliza kama beringi ilikuwa kavu. Akasema hapana. Nikamwuliza, sasa utasaini nini?

"Nitasaini," akasema, na kuomba kidole kinachofuata.

Mungu anisamehe niliyomwambia jioni ile. Nilimwita mwoga. Nilimwambia mwanamume gani anakubali kutupiwa taka usoni na kusema asante. Nilimwambia mjomba alisema kweli, kwamba niliolewa na tambara. Pacha walisikia. Alimaliza kucha, akazifagia, akaingia ndani.

Ijumaa mjomba alinituma nikakate lile jino la kijiko lililokwama kati ya taya. Nilikuwa peke yangu kule nyuma, nimelala kifudifudi juu ya chuma, na gunia lilikuwa mbele ya pua yangu. Nikalivuta. Bamba langu lilikuwa pale, zima. Halikupinda, halikupasuka, hata rangi yake haikuchubuka. Shafti imekatika, chuma kimepasuka, mume wangu nusura apoteze kichwa, na bamba langu lile limekaa linang'aa. Nikataka kulitapikia.

Halafu nikaliangalia gunia. Lilikuwa gunia la stoo ya grisi, na juu yake palikuwa na alama za viganja viwili, vidole kumi vyeusi, vya mtu aliyelibana pembeni kwa uangalifu lisipeperuke. Mikono ile naijua. Alilifunika yeye, kabla vijana hawajachungulia. Alijua tangu mwanzo kitu kilichovunja mashine, na alikuwa anakwenda kusaini ili mtu asije kuuliza habari ya bamba.

Ndipo jicho langu likaangukia kingine. Nyuma ya kitako cha bamba huwa panawekwa vipande vyembamba vya chuma, vya kusogeza taya. Ukiongeza vipande, mdomo wa chini unabana, mawe yanatoka madogo zaidi. Siku zote vilikuwa vitatu. Nikahesabu saba, vinne vipya. Nikapitisha mkono kwenye mdomo wa chini, mahali ambapo vidole vyangu vinne huingia vimelala, na viwili viliingia kwa taabu. Hapo ndipo nikaelewa kokoto ndogo zilitoka wapi miezi mitano. Bi Mkubwa alibanwa mdomo afanye na kazi ya Bi Mdogo. Mabamba yangu hayakuwa biskuti. Yalikuwa yanavunjika kila wiki kutuambia mashine inazidiwa, na mimi nikayaziba mdomo. Na spana ya kufungulia mahali pale ni moja tu, inaning'inia ofisini kwa mjomba, nyuma ya kiti chake.

Nilikwenda nilivyo, vumbi usoni. Mjomba alikuwa anakunywa chai. Nilimwekea kipande kimoja kipya mezani, karibu na kikombe. Alikitazama, akaitazama sura yangu, akainuka akafunga mlango.

Hakukana. Angalau hilo nampa. Alisema Bosi alimwambia atafute njia kokoto ndogo zipatikane, la sivyo atafutwe msimamizi mwingine, na njia ilikuwa hiyo moja. Nikamwuliza kwa nini basi alinitukana mbele za watu kwa mabamba ambayo alijua yanavunjika kwa sababu yake. Akasema alitarajia nitaongeza unene kidogo tu, milimita mbili tatu, hakujua nitamletea mlango wa benki. Alitaka nicheke, akaona sicheki.

Kisha akaegemea meza mbele yangu na kusema lile alilokuwa nalo moyoni. "Bosi anataka mtu mmoja aondoke. Ningesema bamba, ungeondoka wewe. Nimechagua asiwe mtoto wa dada yangu. Mumeo mwenyewe amekubali. Sasa wewe unalia nini?"

Kwa hiyo walikaa wawili. Mjomba wangu na mume wangu, watu ambao katika miaka yote ile hawajawahi kukubaliana hata juu ya kiti cha kukalia, walikaa wakakubaliana juu yangu bila kuniita. Nilimwambia mjomba kwamba silii. Nilimwambia kwamba kama mume wangu angesimama wima badala ya kuinama, leo ningekuwa nimevaa nguo za msiba, na yeye angekuwa ameshaandika kwenye ripoti kwamba marehemu alikuwa mzembe. Akanywea.

Nyumbani nilingoja pacha watoke kucheza. Nikamwambia mume wangu kwamba gunia lake nimelirudisha stoo.

"Wewe una mkono," akasema. "Kupaka grisi anaweza yeyote."

Nilidhani hasira zangu zimeisha ofisini kwa mjomba, kumbe hizo zilikuwa za utangulizi. Nilimwambia kama anaweza yeyote, mbona kote nilikopita beringi zinaungua kila mwaka na kwake hazijaungua hata moja? Nilimwambia anayeamini upuuzi wa mjomba wangu kuhusu yeye ni yeye peke yake. Nilimwambia akisaini ile barua nitaila mbele ya Bosi, karatasi na kalamu yake. Halafu nikakaa chini karibu yake, nikamwomba radhi kwa yale ya Jumatano, na kwa yale mengine, ya nenda kapake grisi. Akanishika mkono, akaniachia alama yake nyeusi kwenye kifundo kama kawaida.

Jumatatu saa tatu Bosi alikuja. Tulikusanyika karakana. Meza yangu ilikuwa imefutwa, barua juu yake, kalamu juu ya barua, mjomba pembeni anatazama viatu vyake. Mume wangu alikuwa ameoga, amevaa shati la kwendea harusi. Niliingia wa mwisho nikisukuma toroli. Vijana walinipisha. Dereva wa kijiko alianza utani, akaona ninavyohema, akaumeza. Bamba lile ni zito, nililipakia kwa kupumzika mara kwa mara, lakini kulishusha nilikataa kusaidiwa. Nililiangusha mezani juu ya barua. Meza ikapiga goti.

Nikasema, "Hiki ndicho kilichovunja mashine. Nimekitengeneza mimi."

Bosi alilizunguka. Si mtu wa vyuma, ni mtu wa simu na gari safi. Akasema haelewi, mbona lenyewe halijavunjika.

"Ndilo kosa lake," nikamwambia.

Nikamweleza yote, matundu saba na fyuzi na waya. Nikatoa mfukoni vile vipande vinne vipya na kuvipanga mbele yake, nikamweleza kazi yake na nani aliviweka na kwa amri ya nani. Sikumtazama mjomba nilipokuwa nasema. Nilisikia tu kiatu chake kikisogea. Mwisho nikamtolea kile kipande cha nyumba ya beringi nilichokingoa kwenye nguzo ya stoo, nikamwomba apitishe kidole ndani. Akakipitisha. Kidole kikatoka kimejaa grisi mpya, ya njano, safi kabisa.

"Kilipita hapa," nikasema, na kumgusa mume wangu kwenye kipaji cha uso. "Sasa mwambie asaini."

Hakuna aliyesaini kitu. Bosi alitafuta mahali pa kufutia kidole, na mume wangu, mtu wa watu, akampa tambara.

Usidhani basi mambo yakanyooka. Bosi alinifukuza mimi, papo hapo, kwa kuhatarisha mashine. Mjomba alibaki, kwa sababu Bosi hana mwingine anayeijua Bi Mkubwa, na kwa sababu aliyetoa amri hakutaka kumfukuza aliyeitii mbele za watu. Mdomo ukarudishwa vidole vinne. Mota ya Bi Mdogo, ile iliyokosekana miezi mitano, ikapatikana kwa siku sita. Siku sita tu! Nilipoambiwa hivyo nilikuwa naosha vyombo, na sahani moja haikusalimika. Mume wangu alirudi kwenye beringi zake. Mjomba aliacha kuja kwetu, na salamu zake kwa pacha zikawa zinapitia kwa watu wengine. Nilimwanika mtu aliyenilea mbele ya wafanyakazi wake, na ningerudishwa siku ile ningemwanika tena, na bado nikipita karibu na nyumba yake natazama upande wa pili.

Nikafungua kibanda mbele ya nyumba, nachomelea madirisha na mageti. Shafti mpya ilipofika, mume wangu alirudi na ujumbe ambao hakutaka kusema umetoka kwa nani: linahitajika bamba. Nikasema maneno ambayo siyaandiki. Nikasema kama wana haya wakanunue dukani. Nilisema hivyo huku nashusha keekee ukutani. Nikatoboa matundu saba, nikapima mara mbili, nikampa, nikamwambia amwambie huyo aliyemtuma kwamba limetengenezwa na mtu aliyelala.

Miezi miwili ikapita. Kutoka kwetu Bi Mkubwa anasikika, unamzoea kama saa ya ukutani. Alhamisi moja asubuhi nilikuwa napinda nondo za geti nikasikia amekwama. Nondo ikanitoka mkononi. Mikanda ikapiga kelele. Nikasimama pale njiani na miwani usoni, siwezi hata kuomba. Ukaja mlio mfupi, mkavu. Halafu kimya.

Nusu saa baadaye mume wangu alitokea kwenye kona, anatembea polepole, amebeba chuma begani. Alikishusha kwenye kizingiti changu. Kilikuwa nusu ya bamba, limekatika katikati ya matundu, mstari mmoja, kama tiketi ya basi. Nikamwuliza kama kuna aliyeumia. Akatikisa kichwa. Jino la kijiko tena, akasema, la yule yule mwenye biskuti, na kazi itaanza tena kabla ya saa sita.

"Limevunjika vizuri," akasema. "Hongera."

Nililishika pale lilipokatika, chuma bado kina joto. Nikauliza nusu ya pili iko wapi, maana chuma si cha kutupa. Akasema mjomba amekataa kuitoa. Ameifuta vumbi, ameiweka juu ya meza ya ofisi, karibu na kikombe chake, na kila anayeuliza ni ya nini anafukuzwa nje.

Macho yalikuwa yananiwasha, na moshi haukuwepo. Kwa hiyo nikamfokea mume wangu kwamba ametapakaza grisi kwenye kizingiti nilichofuta asubuhi, na nikaingia ndani kutafuta chuma cha bamba jingine.